Tiketi Haitaji Ndege: Kiti cha Safari ya Kwanza Kinavyopatikana

Jioni ya tarehe 21 Januari 1970, kwenye uwanja wa John F. Kennedy, New York, watu zaidi ya 300 walipanda ndege ya aina ambayo hakuna mwenye tiketi aliyewahi kuipanda kabla yao. Ilikuwa Boeing 747 ya shirika la Pan Am, safari ya London. Siku sita nyuma, mke wa Rais wa Marekani, Pat Nixon, alikuwa ameizindua ndege hiyo hiyo na kuipa jina la Clipper Young America. Abiria wakafunga mikanda, ndege ikasogea, kisha ikarudi ilikotoka. Injini moja ilikuwa inapata joto kupita kiasi. Watu wakashushwa, wakangoja, na usiku wa manane wakapandishwa 747 nyingine iliyoitwa Clipper Victor. Ikapaa karibu saa nane usiku, wakati ratiba ilisema saa moja jioni.

Sasa jiulize: je, hao abiria walipata walichokilipia? Kama walitaka kuwa wa kwanza kusafiri na 747, ndiyo. Kama walitaka ile ndege ya kwenye picha za uzinduzi, walikula wa chuya. Wala hawakuwa na pa kulalamikia, kwa sababu tiketi zao hazikutaja ndege. Zilitaja safari, siku, saa na daraja.

Anayetaka kiti kwenye safari ya kwanza ya ndege mpya aanzie hapo. Hakuna duka linalouza kiti hicho. Kinachouzwa ni kiti kwenye safari yenye namba fulani, tarehe fulani, ambayo shirika linakusudia kuirusha kwa ndege fulani. Neno ni hilo, “linakusudia”. Masharti ya usafiri ya mashirika karibu yote yanawaruhusu kubadilisha ndege bila kukuuliza, na ukifikishwa unakokwenda, kwa wakati, kwenye daraja ulilolipia, huna unachowadai.

Ya kwanza ipi?

Kabla ya kuhangaika na tiketi, amua unaposema “ya kwanza” unamaanisha nini, maana ndege moja huwa na safari za kwanza nyingi na watu huzichanganya.

Tuichukue Airbus A380. Iliruka mara ya kwanza Toulouse, Ufaransa, tarehe 27 Aprili 2005, na ndani mlikuwa na watu sita tu, wote wa kazi. Machi 2006 watu 853 na wahudumu 20 walijazwa ndani yake huko Hamburg, taa zikazimwa, nusu ya milango ikafungwa, kisha wakaambiwa watoke. Walitoka wote kwa sekunde 78, wakati sheria inataka zisizidi 90. Hao walikuwa wengi kuliko abiria wa safari yoyote ya kawaida, ila ndege haikuondoka ardhini. Septemba mwaka huohuo Airbus ikafanya safari ndefu za majaribio zikiwa na wafanyakazi wake waliokaa vitini kama abiria, wakala, wakatumia vyoo, wakajaribu kulala. Hao waliruka kweli, lakini hawakuwa na tiketi.

Kisha ikaja tarehe 25 Oktoba 2007. Singapore Airlines ikarusha safari SQ380 kutoka Singapore kwenda Sydney, ikiwa na abiria 455. Hii ndiyo inayoandikwa kwenye vitabu. Ila nayo haikuwa safari ya ratiba. Ilipangwa mahsusi, viti vikauzwa kwa mnada, fedha zikaenda kwenye hisani. Safari za kila siku kwenye njia hiyo zilianza tarehe 28 Oktoba.

Angalia tofauti ya siku hizo tatu. Muingereza mmoja alitoa dola 100,380 za Marekani kwa viti viwili kwenye vile vyumba vya faragha vya mbele, tarehe 25. Aliyepanda tarehe 28 alikaa ndani ya ndege ileile, harufu ya upya ikiwa bado haijatoka kwenye mazulia, kwa nauli ya kawaida. Mimi ningechukua ya tarehe 28 bila kufikiri mara mbili, lakini naelewa kwamba kuna watu ambao kwao siku tatu ni kama miaka thelathini.

Concorde, ile ndege ya abiria iliyokwenda kasi kuliko sauti, nayo ilileta utata wa aina yake. Tarehe 21 Januari 1976 ziliondoka mbili kwa wakati mmoja, kwa makusudi: ya British Airways kutoka London kwenda Bahrain, na ya Air France kutoka Paris kwenda Rio de Janeiro kupitia Dakar. Nani alikuwa wa kwanza? Waliopanga walihakikisha swali hilo halina jibu.

Halafu kila shirika lina ya kwanza yake, na kila toleo la ndege lina ya kwanza yake. Boeing 787-8 ilianza na ANA ya Japani mwaka 2011. A350-900 ilianza na Qatar Airways, Doha hadi Frankfurt, tarehe 15 Januari 2015, na ndugu yake mrefu A350-1000 ikaanza na shirika hilohilo, Doha hadi London, Februari 2018. Boeing 737 MAX ilianzia Malindo Air, Kuala Lumpur hadi Singapore, Mei 2017. Ukishusha matarajio kidogo, kutoka “ya kwanza duniani” hadi “ya kwanza ya shirika hili”, nafasi zako zinaongezeka mara nyingi, na gharama hushuka mno.

Mnada, droo na mlango wa kawaida

Shirika linalopokea aina mpya ya ndege kabla ya wengine wote huwa na uamuzi wa kufanya kuhusu viti vile vya siku ya kwanza. Vikiuzwa kama kawaida vitaisha ndani ya muda mfupi, na wanunuzi watakuwa watu walewale wanaokesha kwenye kompyuta. Vikigawiwa kwa wageni waalikwa, yaani waandishi wa habari, wakubwa wa kiwanda na wateja wa muda mrefu, umma utanung’unika. Ndiyo maana mnada wa hisani unapendwa: shirika linapata habari kwenye magazeti ya dunia nzima, hospitali na vyama vya misaada vinapata fedha, na hakuna wa kulaumu upendeleo. Mnada wa SQ380, uliofanyika kwenye eBay, ulikusanya takriban dola milioni 1.3.

ANA walichanganya mambo. Safari yao ya kwanza ya 787, tarehe 26 Oktoba 2011, ilitoka uwanja wa Narita, Tokyo, kwenda Hong Kong kwa namba NH7871, na viti vichache vya daraja la biashara viliuzwa kwa mnada. Kimoja kilifika karibu dola 34,000. Viti 100 vya daraja la kawaida vilitolewa kwa droo kwa bei iliyopangwa, yen 78,700, na unaona mwenyewe namba hiyo imetoka wapi. Walioomba walizidi 25,000. Yaani kwa kila aliyepata, wengine karibu 250 walirudi mikono mitupu. Ni pata potea, lakini inayompa mtu wa kipato cha kawaida nafasi sawa na tajiri, jambo ambalo mnada hauwezi.

Umeona zile namba: SQ380, NH7871. Shirika likianza kutumia namba ya safari yenye mzaha wa aina hiyo, ujue hiyo ni safari ya sherehe, iliyo nje ya ratiba, na huenda haitauzwa kwa njia uliyoizoea. Habari zake hutoka kwenye matangazo ya shirika lenyewe, kwa hiyo kujiandikisha kupokea barua zao mapema kuna maana kuliko kuzungusha tovuti za kulinganisha nauli.

Lakini safari nyingi za kwanza hazina mnada wala droo. Qatar walipoianza A350 waliiweka kwenye njia yao ya kawaida ya Frankfurt. United walipoianza Boeing 777, tarehe 7 Juni 1995, iliruka London hadi Washington kama safari nyingine yoyote. Hapo ndipo mtu wa kawaida mwenye subira anapoingia.

Kusoma ratiba kama wanavyoisoma wenyewe

Mashirika mengi makubwa huingiza ratiba kwenye mfumo wa kuuzia tiketi miezi kumi na moja au zaidi kabla ya safari. Kila safari huwekewa msimbo wa herufi au tarakimu tatu unaotaja aina ya ndege. A380 ni 388. Boeing 787-9 ni 789. A350-900 ni 359, na A350-1000 ni 351. Tovuti nyingi za kununulia tiketi zinauonyesha msimbo huo au jina la ndege ukibofya maelezo ya safari. Wengi hawabofyi.

Chukua njia ambayo shirika limetangaza kwamba itapata ndege mpya. Fungua safari ileile siku baada ya siku, tarehe kwa tarehe, huku ukitazama ramani ya viti. Siku ya Jumatatu unaona daraja la kawaida lina viti viwili, njia, vinne, njia, viwili. Huo ndio mpangilio wa Airbus A330. Jumanne ni vilevile. Jumatano, kwa namba ileile na saa ileile, safu zimegeuka: vitatu, njia, vitatu, njia, vitatu. Kuna jambo. Usikurupuke bado, kwa sababu 787 na A350 zote hukaa tatu-tatu-tatu, kwa hiyo ramani peke yake haikwambii ni ipi. Rudi kwenye msimbo. Ukisema 359, na shirika hilo halijawahi kuwa na A350, umeikuta tarehe ambayo wao wenyewe wanaikusudia, mara nyingine kabla ya tangazo rasmi.

Kuna mtego hapa ambao hunaswa hata wazoefu. Tangazo linasema ndege mpya itaanza, tuseme, kwenye njia ndefu ya kifahari Septemba. Mashabiki wanakimbilia safari hiyo. Kumbe ndege imeanza kubeba abiria Agosti, kwenye njia fupi ya saa moja na nusu, kimyakimya. British Airways walifanya hivyo na A380 yao mwaka 2013: kabla ya kuipeleka Los Angeles Septemba, iliruka London hadi Frankfurt kwa wiki kadhaa. Walirudia Agosti 2019 na A350-1000, London hadi Madrid. Sababu ni ya kikazi. Marubani na wahudumu wanahitaji kupaa na kutua mara nyingi ili waizoee ndege, na safari ya saa kumi na moja inakupa kupaa kumoja tu, wakati njia fupi inakupa kunne kwa siku moja. Na likitokea la kutokea, ni heri ndege ikwame karibu na mafundi wake.

Kwa anayetafuta kiti, njia hizi fupi ndizo mgodi. Nauli ni ndogo, ndege kubwa imewekwa pahala pa ndege ndogo hivyo viti vitupu viko tele, na pengine unakaa kwenye kiti cha daraja la biashara kilichojengwa kwa ajili ya kulala kuvuka bahari, kwa safari isiyotosha hata kumaliza chakula. Hasara yake ni kwamba hakuna bendi wala keki, na rubani anaweza asitaje lolote.

Ndege inapochelewa kiwandani

Adui mkubwa wa mipango hii ni kiwanda, na wanunuzi wenzako wanafuata kwa mbali. 787 ilionyeshwa kwa umma tarehe 8 Julai 2007, ikiahidiwa kwa wateja mwaka 2008. Iliruka mara ya kwanza Desemba 2009, na abiria wakapanda Oktoba 2011. A380 nayo ilicheleweshwa na nyaya za umeme zilizokatwa fupi kuliko ilivyotakiwa. Hata siku za mwisho si salama: Qatar walikuwa wapokee A350 ya kwanza tarehe 13 Desemba 2014, makabidhiano yakaahirishwa ghafla, yakafanyika tarehe 22.

Hata baada ya ndege kutua nyumbani kwa mwenye nayo, hairuki na abiria kesho yake. Mamlaka ya anga ya nchi lazima iridhike kwamba shirika hilo, na marubani na mafundi wake, linaweza kuiendesha aina hiyo, na hilo ni jambo tofauti na cheti alichopewa mtengenezaji. A380 ya Singapore ilikabidhiwa tarehe 15 Oktoba na kuruka na abiria tarehe 25: siku kumi. A350 ya Qatar ilichukua siku 24. 787 ya ANA, mwezi mzima. Kwa hiyo kama zimebaki siku tano kabla ya safari uliyoinunua na ndege bado iko kwenye uwanja wa kiwanda, anza kuzoea wazo la ndege ya zamani. Kujua si vigumu: tovuti za kufuatilia ndege angani zinaonyesha usajili wa kila ndege, na wapiga picha wanaokaa kando ya viwanja vya Toulouse na Everett, kwenye viwanda vya Airbus na Boeing, hawaachi ndege itoke bila kuinukuu.

Ikicheleweshwa, msimbo kwenye ratiba unabadilishwa na kurudi ule wa zamani. Tiketi yako inabaki hai, barua pepe pengine isije. Kwa hiyo nunua tiketi unayoweza kuibadilisha au kuirudisha, au tumia maili ulizokusanya, yaani zile pointi ambazo mashirika huwapa wasafiri wao, ikiwa mpango wako wa pointi hauna adhabu kubwa ya kuzirudisha. Tiketi ya bei ya chini kabisa, isiyogeuzwa, ni nzuri kwa mtu anayekwenda mahali. Wewe huendi mahali, unakwenda kwenye ndege.

Jambo moja linalosahaulika: wiki za mwanzo shirika huwa na ndege moja tu ya aina hiyo. Ikienda, lazima ndiyo irudi. Safari ya kurudi siku hiyohiyo, kwa ndege ileile, mara nyingi ina viti wazi, kwa kuwa macho yote yako kwenye ile ya kwenda. Na kwa kuwa ni moja, haina mbadala wa aina yake. Ikiharibika, kinachokuja ni ndege ya zamani. Pan Am angalau walikuwa na 747 ya pili karibu usiku ule.

Kuna pia dirisha la nafasi ambalo hufunguka ratiba inapobadilishwa kwenda ndege kubwa zaidi. Safari iliyokuwa imejaa inapata viti vipya makumi kadhaa kwa mpigo, na viti vya dirishani vyote bado ni vyeupe kwenye ramani. Aliyeweka mazoea ya kuitazama safari hiyo kila asubuhi atachagua. Atakayesoma habari wiki ijayo atapewa cha katikati.

Ukishapata, kaa wapi? Kwenye 787, nyuma kidogo ya bawa, upande wowote, uone bawa linavyojikunja kwenda juu ndege inapopaa, hilo halichoshi. Madirisha yake hayana pazia la kuvuta, yana kitufe kinachotia kioo giza polepole, na kwenye safari za kwanza utawaona watu wazima wakikibonyeza kama watoto. Ila jihadhari: safu nyingine kwenye ramani zinaonekana za dirishani kumbe ubavuni ni ukuta mtupu. Kwa ndege iliyozoeleka, wasafiri wameshaanika safu hizo zote. Kwa ndege mpya hakuna aliyekutangulia, kwa hiyo chagua safu ya katikati ya sehemu yake, mbali na milango na kuta.

Kuhusu usalama, watu huuliza, na wana haki. Ndege ya kwanza ya jeti kubeba abiria wa kulipa ilikuwa Comet ya BOAC, shirika la Uingereza la wakati huo, yenye usajili G-ALYP, iliyotoka London tarehe 2 Mei 1952 kwenda Johannesburg kupitia Rome, Beirut, Khartoum, Entebbe na Livingstone. Safari hiyo ilikwisha salama. Ndege hiyohiyo ilivunjika angani karibu na kisiwa cha Elba Januari 1954, chuma chake kikiwa kimechoka kwa sababu ya shinikizo la hewa lililopanda na kushuka kila safari. Hatari haikuwa kwenye siku ya kwanza. Ilikuwa imejificha kwenye safari nyingi zilizofuata. Tangu hapo, kuuchosha mwili mzima wa ndege kwa makusudi ardhini, ili nyufa zijitokeze huko badala ya angani, ni sehemu ya majaribio.

Inayosubiriwa na wengi sasa ni Boeing 777-9, yenye ncha za mabawa zinazokunjwa ili itoshe kwenye maegesho ya viwanja. Iliruka mara ya kwanza Januari 2020, na Oktoba 2025 Boeing wakasema ya kwanza itakabidhiwa mwaka 2027. Lufthansa la Ujerumani ndilo linalotajwa kuipokea mapema, kwa hiyo ratiba za Frankfurt ndizo za kuanzia, na usizipuuze zile njia fupi za saa moja. Msimbo wake ni 779.